Mifereji imebanana upande mmoja, upande wa pili imeachana: diski yangu ya kugawia ina tatizo gani?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi seremala hapa Arusha. Nina mashine ya kukereza niliyoundiwa na fundi wa kuchomelea: mota ya hosi pawa 1, puli ya ngazi tatu, shafti imekaa kwenye beringi mbili. Miguu ya meza na stuli nakereza bila shida. Sasa nimepata kazi ya kitanda cha nguzo nne za mninga, kipenyo milimita 90, na mteja anataka kila nguzo iwe na mifereji 8. Nilipakua mtandaoni picha ya duara la nyuzi 360, nikaiprinti steshenari ikatoka upana wa sentimita 12, nikaibandika kwenye plaiwudi, nikatoboa matundu 24 kwa biti ya milimita 6, kisha nikaifunga nyuma ya shafti. Pini yangu ni msumari wa inchi 4. Mifereji nakata kwa ruta inayoteleza juu ya sanduku la mbao. Nguzo mbili za kwanza zimeharibika: upande mmoja mifereji imebanana, upande wa pili imeachana, na mingine imeyumba hovyo tu. Rafiki yangu anasema printa ndiyo iliyovuruga vipimo, niagize diski ya chuma kutoka nje. Mwingine anasema nitoboe matundu mengi, hata 120. Halafu msumari umepinda siku nilipoutumia kuzuia shafti ili nifungue chaki iliyogoma. Baadaye nataka pia kutengeneza saa za ukutani za kuwauzia watalii. Nianzie wapi? Na hizo nguzo mbili zinaokoka?*

Marahaba, fundi. Pole sana kwa mninga huo. Najua ubao wa kutoa nguzo ya milimita 90 unavyotafutwa siku hizi, na najua inavyouma kuona kazi imeharibika hatua ya mwisho, baada ya kukereza na kupiga msasa. Umeeleza vizuri kiasi kwamba naweza kukuonyesha tatizo nikiwa hapa Moshi, bila hata kuiona mashine. Hiyo diski, ambayo matundu yake na pini ndiyo yanayosimamisha nguzo mahali pa kila mfereji, usiitupe kwa hasira. Kaa nayo kwanza, kuna jambo inakuambia.

Makosa ya kugawa duara yana sura zake. Fundi anayepiga bikari hatua kwa hatua kuzunguka duara hukuta nafasi zote ziko sawa isipokuwa ya mwisho. Kosa dogo la kila hatua limejilimbikiza lote pale: ukikosea milimita 0.2 mara 24, unafika mwisho ukiwa umepotea karibu milimita 5. Hilo si lako. Sura ya pili ni ya nafasi zinazobanana upande mmoja na kuachana upande wa pili, taratibu, kama mwezi unavyokua na kupungua. Hapo kitovu cha duara la matundu hakiko kwenye kitovu cha shafti. Ya tatu ni mifereji inayoyumba bila mpangilio wowote, ambayo hutokana na plei, yaani kulegea na kucheza, kwenye pini, kwenye mkono unaoshika pini, au kwenye kazi yenyewe. Wewe una ya pili na ya tatu kwa pamoja, ndiyo maana zimekuchanganya.

Nikuulize kitu ambacho hukukiandika. Msumari wako unaingia kwa urahisi kwenye baadhi ya matundu, na kwenye mengine lazima uusukume au uuvute kidogo kuelekea nje, sivyo? Kama ndivyo, huhitaji ushahidi mwingine. Pini imesimama umbali uleule kutoka kwenye shafti, lakini matundu yanapita mbele yake mara karibu na shafti, mara mbali nayo. Duara lako limehama.

Twende kwenye hesabu kidogo, maana ndiyo itakayokuonyesha nguvu uweke wapi. Picha yako ina upana wa sentimita 12, kwa hiyo matundu yako kama milimita 50 kutoka kitovuni. Tuseme tundu la katikati ulilikata kwa mkono na diski ikakaa kando kwa milimita 2 tu. Milimita 2 kwenye nusu kipenyo cha 50 ni kama nyuzi 2.3. Kwenye uso wa nguzo yako ya milimita 90 hiyo ni karibu milimita 1.8 kwa mfereji uliokosewa zaidi, na tofauti kati ya nafasi pana kuliko zote na nyembamba kuliko zote inapita milimita 2 na nusu. Jicho la mteja linaliona hilo akiwa amesimama mlangoni. Sasa ongeza msumari. Chukua vernia uupime, utakuta milimita 4 na nusu hivi, ndani ya tundu la milimita 6. Milimita 1 na nusu ya plei, kwa umbali uleule wa 50, inauruhusu mfereji kukaa popote ndani ya milimita 1.3 hivi kwenye uso wa nguzo. Ruta ikitetemeka, inachagua yenyewe.

Sasa rafiki yako wa printa. Printa ikiikuza au kuipunguza picha kwa kiwango kilekile pande zote, nyuzi hazibadiliki. Pembe ya nyuzi 15 ni ya nyuzi 15 kwenye karatasi ndogo na kwenye karatasi kubwa. Shida inakuja pale mashine inapovuta karatasi upande mmoja kuliko mwingine, duara likawa yai. Pima kipenyo cha picha yako kwa wima na kwa mlalo. Vikilingana, printa haina hatia. Na diski ya chuma kutoka nje ukiifunga kwenye shafti yako kwa tundu lililolegea na pini ya msumari, utapata nguzo zilezile kwa gharama kubwa zaidi.

Huyu wa matundu 120 naye tumsikilize, kisha tumweke kando. Matundu mengi hayaongezi usahihi hata kidogo, yanaongeza machaguo tu, na machaguo mengi yana bei yake. Kwenye duara la nusu kipenyo cha milimita 115, matundu 120 yanaachana milimita 6 tu kutoka kitovu hadi kitovu. Tundu la milimita 6 litalila jirani yake. Hata ukitumia biti nyembamba, utaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu... hadi 15, kisha uvute pini, uzungushe, uhesabu tena 15, mara nane kwa kila nguzo, huku mteja anapiga simu. Niliwahi kukosea tundu moja tu kwenye nguzo ya tatu ya kitanda cha harusi, nikagundua mfereji wa mwisho ulipokosa pa kukaa. Tangu siku hiyo sipendi diski yenye matundu nisiyoyahitaji.

Kinachokufaa ni ile KDS ya shule ya msingi, Kigawe Kidogo cha Shirika. Andika migawanyo unayoitumia kweli. Mifereji 8, stuli ya miguu 3, meza ya 4 na ya 6, rozeti ya 12: KDS yake ni 24. Safu ya matundu 24 inatosha kwa hizo zote, na ndiyo maana mashine nyingi za kukereza za kiwandani huja na migawanyo 24 ya nyuzi 15. Lakini 24 haigawanyiki kwa 5 wala kwa 10, na saa ya ukutani inataka dakika 60. Basi weka safu ya pili ya matundu 60. Hiyo inakupa 5, 10, 12, 15, 20 na 30. Haikupi 8, kwa hiyo safu hizi mbili zinahitajiana. Mteja akikuletea ua la petali 9 utaongeza safu ya 36, na akitaka 7 utachora ya 14, siku hiyo ikifika. Kwa sasa 24 na 60.

Wazee wa kazi hii walifikiri hivyohivyo. Kule London, kuanzia miaka ya 1790, ukoo wa Holtzapffel uliunda mashine za kukereza nakshi ambazo uso wa puli ndio ulikuwa diski ya kugawia, umetobolewa safu za duara za matundu kama 96, 144 na 192, namba zenye vigawo vingi. Na mbao iliyopendwa kwenye nakshi hizo hadi leo ni mpingo wetu, kwa sababu unashika ukingo mkali bila kumeguka. Mkereza mmoja wa nakshi kutoka Texas, James Harris, ndiye aliyeungana mwaka 1996 na mtaalamu wetu wa mimea wa hapa Moshi, hayati Sebastian Chuwa, kuanzisha mradi wa kuhifadhi na kupanda mpingo. Kila nikiona miche ile nakumbuka kwamba diski yenye matundu ndiyo iliyomfanya mtu wa mbali ajue jina la mti wetu. Nimetoka nje ya swali lako, ila nilitaka ujue kwamba unachokiunda kina ukoo.

Turudi kwenye karakana. Diski mpya iwe kubwa kuliko kazi. Kosa lolote la kwenye diski linapofika kwenye nguzo linapungua au kukua kwa uwiano wa nusu vipenyo. Ukiwa na matundu kwenye milimita 115 na nguzo ya nusu kipenyo 45, kosa la milimita 1 linafika kwenye nguzo likiwa milimita 0.4. Diski yako ya sasa inalipitisha karibu lote. Kwa hiyo tafuta plaiwudi ya milimita 18, kavu, isiyo na mapengo katikati ya matabaka, na ulenge kipenyo cha 250. Pima kwanza kama nyuma ya shafti pana nafasi ya kuzunguka.

Kwa fundi mwenye mashine ya kukereza chuma katengenezeshe bushi, yaani pete ya chuma ya kuunganisha diski na shafti: ndani iendane na shafti yako bila kulegea, nje iwe na flanji ya kufungia bolti tatu na bega la mviringo, tuseme la milimita 40, lililokerezwa kwenye mshiko uleule na tundu la ndani. Bushi iwe na bolti mbili za kubana shafti, na shafti ikwanguliwe kidogo pale zinapobana ili zisiteleze. Hii ndiyo sehemu pekee ninayokusihi uilipie.

Sasa mashine yako yenyewe itakutengenezea duara. Funga plaiwudi mbele, kwenye sahani ya skrubu, ukiweka ubao wa taka kati yake na sahani. Kereza ukingo hadi 250. Bila kuifungua, washa taratibu na uguse uso kwa ncha ya patasi mara mbili: alama nyembamba kwenye nusu kipenyo cha 115 kwa ajili ya matundu 60, na nyingine kwenye 95 kwa ajili ya 24. Chora tu, usitoboe bado.

Chomoa plagi, tugawe. Chukua ukanda wa karatasi ngumu, uuzungushe kwenye ukingo wa diski ukibana vizuri, kisha kata kwa wembe pale unapokutana na mwanzo wake. Ukanda huo ni mzingo mzima, kama milimita 785. Ukunje katikati, ukunje tena, sasa una robo nne za milimita 196 hivi. Robo moja unatakiwa kuigawa sehemu 6 kwa safu ya 24, na sehemu 15 kwa safu ya 60. Hapo usipime kwa rula, maana 196 na kitu kugawanya kwa 15 haitoki vizuri na utaanza kukadiria. Fungua kauntabuku. Mistari yake imeachana sawasawa kutoka juu hadi chini. Laza robo ya ukanda kwa mshazari juu ya ukurasa: mwanzo wake uguse mstari wa kwanza, mwisho wake uguse mstari wa kumi na sita. Kati yake kuna nafasi 15, na kila mstari unapokatiza ukingo wa ukanda weka nukta kwa penseli kali. Umegawa kwa 15 bila kupima chochote. Kwa 6, tumia kila mstari wa tatu, yaani nafasi 18 kwa jumla, ili mshazari usiwe wa kulala mno. Penseli inapokata mstari kwa mshazari mkali nukta inakuwa kali, ukilala inakuwa ya kubahatisha. Fanya hivyo kwa robo zote nne, kila robo peke yake, ili kosa lisibebwe kutoka robo moja kwenda nyingine.

Rudisha ukanda kwenye ukingo kwa selotepu, hamishia alama kwenye mbao. Kisha weka egemeo la patasi mbele ya uso wa diski, juu yake iwe sawasawa na urefu wa kitovu cha shafti. Sasa egemeo limekuwa rula. Leta alama moja moja kwenye egemeo kwa mkono na uvute mstari kukatiza duara lake. Mstari ukipita kitovuni kweli, alama ya upande wa pili wa diski nayo itakaa juu ya egemeo. Usipoikuta hapo, egemeo liko juu au chini, lirekebishe kabla ya kuendelea.

Kabla ya kutoboa, hakiki kwa hesabu. Umbali wa moja kwa moja kati ya tundu na tundu ni kipenyo cha duara mara sine ya nyuzi 180 zilizogawanywa kwa idadi ya matundu. Kwa 60 kwenye nusu kipenyo cha 115 unapata milimita 12.04, na kwa 24 kwenye 95 unapata 24.8. Fungua bikari kwa kipimo hicho uguse hapa na pale. Ni kwa kuhakiki tu. Ukianza kutembeza bikari kuzunguka duara unarudi kwenye kosa la kujilimbikiza.

Sasa washa, na ukiwa bado na mshiko uleule, toboa tundu la katikati hadi bega la bushi la milimita 40 liingie kwa kubana. Ukingo, duara za matundu na tundu la katikati vyote vimetoka kwenye mzunguko mmoja, kwa hiyo kitovu hakina pa kuhamia. Diski yako ya kwanza ilikosa jambo hili moja. Matundu yenyewe toboa kwa drili ya kusimama: panchi ndogo, biti ya milimita 2, kisha ya 6. Dondosha supagluu nyepesi ndani ya kila tundu, ikikauka pitisha biti ya 6 kwa vidole. Plaiwudi hulegea midomo ya matundu kwa matumizi, na supagluu inaipa umri. Vanishi pande zote mbili na ukingoni kabla ya masika.

Pini sasa. Msumari uache upumzike. Tafuta kipande cha chuma cha mviringo cha milimita 8, kibane kwenye drili, kiwashe, na ukitumia tupa kichongoe kidogokidogo: milimita 7 upande wa juu hadi 5 kwenye ncha, kwa urefu wa sentimita 2. Pini ya namna hii inaingia kwenye tundu la 6 na kusimama katikati ya safari yake, imegusa mdomo wa tundu pande zote. Haina plei kwa sababu haina nafasi ya kuwa nayo. Matundu yakichakaa, inazama kidogo zaidi na kubana tena.

Mkono wa kushika pini watu wengi huudharau, na nadhani huyumba zaidi kuliko tundu lenyewe. Tumia flati ba ya upana wa milimita 40 na unene wa 4, urefu wa robo mita hivi, ifungwe kwenye fremu ileile iliyoshika beringi. Bapa lake litazame diski. Hivyo itapinda kuja nyuma unapovuta pini kutoka tunduni na kurudi yenyewe kama springi, lakini kwenda kulia na kushoto, kule ambako diski inataka kuzunguka, utakuwa unasukuma upana wa milimita 40 wa chuma, haitapinda. Ukiifunga kwa ubavu umeharibu kila kitu. Toboa mahali pawili pa kuhamishia pini, moja kwa safu ya 24, moja kwa ya 60.

Ukimaliza, jaribu. Ingiza pini, funga kipande cha mti kwenye chaki, kishike kwa mikono miwili ujaribu kukizungusha. Weka penseli iliyotulia kwenye egemeo ikiangalia mti. Kikicheza zaidi ya nusu milimita tafuta kinapochezea: pini, mkono, bolti za bushi, nyuzi za chaki, au beringi. Na hata kama hakichezi, jizoeshe kila mara baada ya kuingiza pini kuisukuma kazi upande mmoja uleule kabla ya kukata. Plei ndogo iliyobaki itakuwa imelala upande mmoja kwa mifereji yote, na haitaonekana.

Kuna sehemu moja zaidi ambayo hukuitaja na inaweza kuwa ilichangia: nguzo yako inashikwaje? Ikiwa iko kati ya senta mbili, yaani ncha zinazoishika mwanzo na mwisho, na inasukumwa na yale meno manne tu, ruta inaweza kuitelezesha kwenye meno bila diski kusogea hata kidogo. Diski itakuambia nyuzi 45, nguzo itakuwa imezunguka 43. Acha mwisho wa nguzo uwe mraba na uubane kwenye chaki, mwisho wa pili ubebwe na senta ya nyuma. Mraba huo utaukata baadaye. Na ukianza mifereji, nguzo isitoke kwenye mashine hadi wa nane uishe.

Kwa kuhesabu, tumia rangi ya kucha. Kwenye safu ya 24 paka kila tundu la tatu rangi nyekundu, hayo ndiyo manane yako, hutahesabu tena. Kwenye safu ya 60 paka kila la tano rangi nyingine kwa ajili ya saa 12, na kila la sita rangi ya tatu kwa ajili ya migawanyo 10. Halafu kabla ruta haijawashwa, zunguka mzunguko mzima kwa penseli, ukichora mstari wa kila mfereji kwenye nguzo kwa kuegemea egemeo. Penseli inafutika kwa msasa. Mstari wa tisa lazima ulale juu ya wa kwanza.

Ruta yenyewe ihakikishe inaelekea kitovuni. Sogeza sanduku hadi ncha ya biti ielekeane na ncha ya senta ya nyuma. Ikiwa pembeni, mfereji utainama upande na kivuli chake kitaonekana kimelewa hata kama umegawa sawasawa. Kata milimita 2 kwa pita moja, usizidi, na ubane ukingo wa diski kwa kibano cha mbao ili pini isibebe mtetemo peke yake. Mninga una nyuzi zinazogeukana, ukilazimisha kina chote mara moja utang'oa kingo.

Kuhusu msumari uliopinda: pini ya kugawia haizuii nguvu. Kazi yake ni kuonyesha mahali na kushikilia kwa upole. Chaki ikigoma, shika shafti kwa spana, na kama shafti yako haina bapa za kushikia spana mwambie fundi aliyeiunda akuchongee mbili. Na mashine isiwashwe kamwe pini ikiwa ndani. Mkanda utaungua, au diski itapasuka na kurusha vipande usoni kwako. Usiamini swichi peke yake. Umeme hukatika katikati ya kazi, unasahau kama uliizima swichi, kisha umeme unarudi wenyewe mkono wako ukiwa juu ya nguzo. Chomoa plagi na uiweke juu ya meza mbele ya macho yako. Pini yangu nimeifunga kitambaa chekundu kirefu, nikikiona kinaning'inia najua bado imo.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Ukitikisa shafti kwa mkono ikacheza, beringi zimekwisha au hazikukaa mstari mmoja, na hakuna diski itakayokusaidia hadi mtu aje aione. Ukisikia mashine inapiga kelele baada ya kufunga diski mpya, zima, huenda haijasawazika. Na ukiamua siku moja kutaka diski ya chuma, nenda kwenye karakana yenye mashine ya kusaga chuma yenye kichwa cha kugawia. Kile huzungushwa mkono mara 40 ili kazi izunguke mara moja, kwa hiyo matundu 24 ni mzunguko 1 na theluthi 2 kila tundu, na kinatoa usahihi ambao kauntabuku haiufikii. Hapo Arusha kaulizie Chuo cha Ufundi. Ukija Moshi, Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, kina watu wanaoishi na mbao kila siku, na VETA nao ni wa kuwauliza. Beba ile nguzo iliyoharibika mkononi. Fundi akiiona ataelewa haraka kuliko ukimweleza.

Na hizo nguzo mbili. Mifereji yako ina kina gani? Kama ni milimita 4, zinaokoka. Zirudishe kwenye mashine, kereza uso mzima hadi mifereji ipotee, utabaki na milimita 81 au 82, kisha gawa upya kwa diski mpya. Punguza nguzo mbili zilizobaki hadi kipimo hichohicho ili zote nne zifanane, na uangalie kwanza kama maungio ya fremu ya kitanda bado yatapata nyama ya kutosha kwenye nguzo ya 81. Mwambie mteja kabla hujakereza. Nguzo ya milimita 81 bado inabeba kitanda vizuri, lakini yeye alikubali 90, na ni haki yake kusikia kutoka kwako. Akikataa, zikate ziwe miguu ya stuli, ununue mninga mwingine, na diski ikikamilika uijaribu kwanza kwenye kipande cha mgrivilea.